Barua za Nje ya Faili

4 Machi

Mume wangu,

Ndani ya bahasha hii kuna karatasi mbili. Nyeupe ni ya faili. Hii yenye mistari, niliyoichana kwenye daftari la vipimo vya wateja, ni yako peke yako, usije ukazichanganya. Wakili wako alisema afisa wa uhamiaji anataka kuona barua za mkono zenye stempu, mwezi hadi mwezi, ili aamini kwamba ndoa yetu ni ndoa kweli na mimi nastahili kuja kuishi na wewe huko. Basi nimempa anachotaka. Nimekuita ua la moyo wangu mara tatu na pumzi yangu mara mbili. Usivimbe kichwa. Niliyaandika hayo huku napiga pindo sketi za shule, na yale machozi yanayolowesha mto ni wazo la dada wa cherehani ya jirani.

Sasa tuongee sisi. Kibonge, huyo mnayepanga naye nyumba moja, amefika likizo juzi na mzigo wako ameniletea. Mkasi ni mzuri sana, umekata tabaka sita za kitambaa bila kulalamika. Nilimkaribisha chai, akanywa vikombe vitatu, akasifu kila kitu mpaka pazia. Aliponiona naulizauliza habari zako akataka kunituliza. Akasema nisiwe na wasiwasi, jamaa anatunzwa, hata yule dada wa asubuhi hakosi siku.

Nikamuuliza dada gani. Kibonge akaangalia dari. Nikamuuliza tena, akakumbuka ghafla kwamba mama yake anamsubiri, akaondoka kiatu kimoja hakijafungwa kamba.

Nauliza kwa upole, maana bado sijui kitu. Ni nani huyo dada wa asubuhi? Na kwa nini tangu Oktoba hutaki tuonane kwenye simu? Mara mtandao, mara kamera imepasuka. Kibonge anasema simu yako ni nzima. Mimi ni fundi, nikiona mshono umepinda najua mkono uliteleza wapi.

Nijibu kwenye karatasi yenye mistari.

Mkeo,
Fundi


21 Machi

Mke wangu Fundi,

Karatasi nyeupe nimempelekea wakili. Mkalimani wake kaipitia, kasema ni nzuri ila upunguze maua, afisa ni mtu mzima. Yangu ya faili utaikuta humu, ina mwezi na nyota zake, nakala yake ameshachukua.

Kibonge mdomo wake hauna kitasa. Huyo dada ni mwalimu wa lugha. Serikali ya hapa inataka tujue lugha yao kabla ya kutupa karatasi za kudumu, kwa hiyo kuna mwalimu anapita nyumba kwa nyumba. Anakuja saa kumi na mbili na nusu kwa sababu saa moja naingia kazini. Hakuna zaidi ya hapo. Anafundisha, anaondoka, basi.

Kazi inaendelea. Wiki hii tumepokea mashuka ya hoteli tatu kwa mpigo, na mimi ndiye niliye kwenye pasi kubwa, ile unayoilisha shuka upande huu linapokewa upande wa pili limenyooka. Joto lake si mchezo. Nimepungua kidogo, lakini ni joto tu. Kamera imepasuka kweli, Kibonge anachanganya simu yangu na yake.

Wakili anasema afisa akisema ndiyo, kitakachobaki ni wewe kupimwa afya, halafu unapanda ndege. Miaka miwili na nusu tumevumilia, mke wangu. Usiwape watu nafasi ya kuingia katikati yetu saa hizi.

Mama msalimie, mwambie nakula vizuri.

Mumeo


9 Aprili

Wewe mwanaume,

Bahasha hii haina karatasi nyeupe. Mwezi huu sina ua wala pumzi. Afisa atasubiri.

Nilimfuata Kibonge kwao. Nilimkuta amekaa, nikavuta kigoda nikakaa mlangoni asipate pa kupita. Nikamuuliza huyo mwalimu wa lugha anafundisha nini. Akacheka kwanza, halafu akaona mwenzake sicheki. Akasema amekula kiapo kwako na hatasema neno. Nikamwambia kiapo ni kiapo, asiseme lolote analolijua, aniambie tu anachokisikia akipita mlangoni kwako kwenda bafuni, maana hicho hakukiapia. Kibonge akafikiri kidogo, akaona nina haki.

Kumbe huyo mwalimu wa lugha yao anaongea lugha yetu, tena kama mtu aliyekulia mtaa wa pili. Kumbe somo ni la dakika kumi. Kumbe mlango unafungwa. Na maneno yenyewe, kila siku ya Mungu, Jumapili ikiwemo, ni haya: "Meza yote. Sasa fungua nikuone."

Anakulisha. Mimi niliyekulisha wiki tatu ulipoungua mkono na pasi, nikipuliza kijiko kwa kijiko, leo naambiwa kuna mwanamke anakulisha na kukuchungulia mdomoni kama umemaliza. Njia ya mwongo ni fupi, lakini yako haikufika hata kwenye kona.

Sikuombi radhi kwa wivu wangu. Nina wivu na kiti anachokalia. Nina wivu na kitasa cha mlango anachokishika wakati mimi nashika stempu. Kidonda cha mkono wako nilikifunga mimi. Najua hulali mpaka umegeukia mlango, najua unaogopa kuku, najua ukitaka kudanganya unamalizia na neno "basi". Umelitumia kwenye barua yako, kaangalie. Yeye anajua nini? Anajua saa yako ya kuamka tu.

Kuanzia leo sipokei simu yako, naizima kabisa, mpaka nikuone uso. Na nisipopata ukweli kufikia mwisho wa Mei, nakwenda mwenyewe ofisini kwao nifute jina langu. Sipandi ndege kwenda kuwa mgeni nyumbani kwa mume wangu.

Fundi


2 Mei

Mke wangu,

Kaa chini kwanza.

Barua yako ya Aprili sikuifungua. Niliona ulivyoliandika jina langu kwenye bahasha, kalamu imetoboa karatasi, nikaogopa. Nikajiambia nitaisoma Jumamosi. Lakini wakili alikuwa anataka barua ya mwezi siku hiyohiyo, na mkalimani wake hayupo, nami nikijua humo mna nyeupe na yenye mistari, nikampa bahasha nzima nikamwambia atoe ya faili, nyingine aniwekee. Wakili mwenyewe hajui lugha yetu. Alikuta karatasi moja, akaibandika kwenye faili, faili likaenda.

Wiki iliyopita nikaitwa. Afisa mezani, mkalimani wa serikali pembeni, barua yako katikati. Mkalimani aliisoma yote kwa sauti, pole pole, bila huruma. Alipofika kwenye kitasa cha mlango alisimama akanywa maji. Kisha afisa akaniuliza ni nani huyo mwanamke. Nilikuwa nimeapishwa, nikasema kweli. Ndivyo mtu wa uhamiaji alivyojua habari zangu kabla yako, na hilo linaniumiza kuliko yote.

Ni muuguzi. Nina kifua kikuu, Fundi. Kimerudi, na safari hii ni sugu, dawa za kawaida hazikiwezi. Julai mwaka jana nilikohoa damu kwenye shuka jeupe la hoteli mbele ya msimamizi. Nilipokuambia nimehamishiwa tawi lenye mtandao mbovu, nilikuwa nimelazwa wiki sita, chumba cha peke yangu, kila anayeingia amevaa barakoa. Kibonge walimpima wakamkuta salama, nikamwapisha asikuambie. Sasa siambukizi tena na kazini nimerudi, ila lazima ninywe dawa miezi kumi na minane, na kila siku lazima mtu anione nikimeza. Huyo ndiye dada wa asubuhi. Walimchagua kwa sababu anajua lugha yetu. Anahesabu vidonge, nameza, nafungua mdomo, nainua ulimi, anasaini kadi, anakwenda kwa mgonjwa mwingine. Kuna dawa mojawapo imenibadilisha rangi ya uso, nimekuwa mweusi wa kutisha. Kamera ni nzima. Ni mimi niliyepasuka.

Unakumbuka zile dawa za kwanza, kabla sijasafiri. Zilikuwa za miezi sita. Nilizitumia miwili, nikajiona mzima, kazi ikapatikana, nikaziacha nyumbani nisije nikakaguliwa begi. Daktari wa hapa amesema ndipo ugonjwa ulipozizoea. Nilijiletea mwenyewe, ndiyo maana sikuwa na mdomo wa kukuambia. Na niliogopa ungeghairi kuja.

Afisa alifunga faili akasema, kwa mdomo wa mkalimani: "Hizi nyingine zote nilidhani zimenakiliwa kitabuni. Hii imeandikwa na mke."

Ametukubalia. Umebaki kupimwa, tarehe 14 Juni. Picha ya kifua ikitoka safi, unakuja.

Nisamehe.

Mumeo


20 Mei

Mume wangu,

Nimeisoma mara nne, mara ya nne nikiwa nimesimama maana kukaa kulinishinda.

Nilifikiri nikishajua si hawara nitapumua. Sijapumua. Miezi kumi kuna mwanamke amekuwa akijua kama unakufa au unapona, wakati mimi nakuandikia ua la moyo wangu kwa ajili ya afisa. Angekuwa hawara ningemtukana nikamaliza. Huyu nimfanye nini? Anakuponya. Siwezi hata kumwombea mabaya, na hilo ndilo linalonichoma. Amekuona ukiwa mgonjwa na mbaya wa sura, na haki hiyo ilikuwa yangu. Ulidhani nimekupenda kwa ajili ya rangi? Mume wangu, mimi nilikuona wakati hata ndevu hazijui zitokee upande gani.

Halafu ana umri gani? Hukuandika.

Na huyo mkalimani alisoma mpaka habari za kuku?

Mama yako nimemweleza. Analia na kunifungia begi kwa wakati mmoja. Oda za sketi za muhula ujao nimemwachia dada wa cherehani ya jirani, cherehani nimeipaka mafuta na kuifunika. Yaani niko mguu ndani mguu nje. Zimebaki wiki tatu tu na siku chache. Mimi ni mzima, usiwe na wasiwasi. Hiki kikohozi nilichonacho tangu Februari ni vumbi la vitambaa, mafundi wote tunakohoa.

Jambo moja nauliza tu. Kopo la zile dawa zako za kwanza bado liko kwenye droo ya cherehani. Nimeona nikitumia vidonge viwili kwa siku kifua kitakauka na picha itatoka safi. Nimeanza Jumatatu. Kikohozi naona kimepungua.

Simu bado imezimwa. Hata kama umesema yote, uso wako sijauona. Kama unaogopa kamera, tuma picha ya karatasi.

Mkeo,
Fundi


7 Juni

Fundi,

Acha hizo dawa leo hii. Usinywe hata kimoja.

Nimekupigia mara kumi na nne. Nimempigia mama, na unamjua na simu, ameitika "ndiyo mwanangu" kwa kila nilichosema akakata. Nimempigia Kibonge, ambaye likizo yake haina mwisho, kumbe amekwenda kumwona bibi yake huko mbali. Ameahidi atakuwa kwako tarehe 14 asubuhi hata kama ni kwa miguu. Najua barua hii itakufikia kila kitu kimeshapita. Naandika kwa sababu sijui nifanye nini kingine na mikono.

Muuguzi alinikuta na barua yako mkononi, nikamsomea kipande cha dawa. Akaweka mkoba chini, akakaa, hajawahi kukaa. Alisema vidonge hivyo havitakuponya, vitaunyamazisha ugonjwa kidogo tu na kuufundisha ukaidi, kama nilivyoufundisha mimi. Akauliza unakohoa tangu lini. Nilipomwambia Februari, akaandika.

Sitakuficha tena. Nilimwambia, basi kama vinaweza kuidanganya picha, viidanganye, afike hapa tumtibie hapa. Akaniuliza ndege inabeba watu wangapi, na mnakaa humo saa ngapi mlango umefungwa.

Waambie ukweli wakuulizapo, hata wakitunyima. Haya maneno nimeyafuta mara mbili nikayarudisha.

Picha nimeiweka humu. Nilivaa shati ulilonishonea. Mengine uliyouliza nitayajibu siku nyingine.

Mumeo


25 Juni

Mume wangu,

Barua yako imefika jana pamoja na picha. Weusi umekukaa. Macho yamebaki yako.

Tarehe 14 nilikuwa wa saba kwenye benchi la kliniki. Nilipigwa picha, nikarudishwa kukaa, na hapo ndipo Kibonge alipoingia jasho linamtiririka, suruali ina vumbi mpaka magotini. Aliniambia ujumbe wako sikioni, kwa ile sauti yake ambayo benchi zima lilisikia. Nilijikuta nimebaki na benchi peke yangu.

Nikaitwa ndani. Daktari alikuwa na picha yangu dirishani, ameikunjia uso kidogo tu, kidogo sana. Akaniuliza kama nimewahi kutumia dawa za kifua kikuu. Nilijua nikisema hapana, huenda ningepita. Nilijua nikisema ndiyo, nabaki, na yule dada ataendelea kuja kwako kila asubuhi, na kuondoka, na kurudi. Nilishika zipu ya pochi, nikaiachia, nikaishika tena. Usije ukadhani ni woga. Ulikuwa wivu, nilikuwa naona mkono wake kwenye mlango wako. Halafu nikafungua pochi nikaliweka kopo lako mezani.

Wamepima makohozi siku tatu. Ninacho, na ni sugu. Dawa zinazoshindwa kwangu ni zilezile zilizoshindwa kwako, kwa hiyo wanasema chimbuko ni moja. Ulikwenda ukaniachia. Sikulia mbele ya daktari, nililia kwenye ngazi. Faili letu limewekwa kando mpaka nimalize matibabu, mwaka na nusu kama wewe. Begi mama yako amelifungua, akarudisha nguo moja moja kabatini, akazikunja vizuri kuliko mwanzo.

Sasa niko chumba cha nyuma, dirisha wazi mchana kutwa, barakoa usoni. Na mimi lazima nimeze mbele ya mtu. Mama yako alijitolea, kliniki ikamkataa, wakasema ndugu wana huruma, huwa wanaachia. Kliniki yenyewe iko mbali, kwa hiyo wamemfundisha jirani. Ni kinyozi wa mkabala. Saa mbili kamili anavuka barabara, anasimama dirishani, anahesabu vidonge kwenye kisahani, ananiambia meza, ananiambia fungua. Ana subira sana. Juzi kichefuchefu kilinishika, akanisubiri nusu saa nzima na wateja wake wamekaa na sabuni za ndevu.

Nakueleza ili ujue kinavyouma.

Mkeo,
Fundi


13 Julai

Mke wangu,

Kinyozi. Mtaa mzima, watu wote hao, kliniki ikamwona kinyozi. Yule aliyekuazima mwavuli kabla sijakuoa, na mpaka leo hajauulizia. Unadhani alisahau? Mtu haachi mwavuli wake miaka saba kwa kusahau. Hata nilipokuwepo alikuwa ananinyoa huku anachungulia dukani kwako kwenye kioo, siku moja nusura anikate sikio. Leo anakuangalia mdomoni kila siku saa mbili, nami nalisha mashuka kwenye mashine. Jana nilichoma shuka la hoteli, msimamizi akaniuliza niko wapi.

Nakuja. Tiketi ni ya tarehe 30 Agosti. Umeugua kwa sababu yangu na mtu mwingine amekushikia glasi ya maji, siliwezi hilo. Dawa zangu zimebaki miezi sita tu, nitaomba wanifungie zote kwenye mfuko nije kuzinywea hapo nyumbani mwenyewe, mimi si mtoto. Najua nikiondoka kabla sijamaliza karatasi zangu zinafutwa, na zako zinakufa nazo. Zife. Nimemwambia muuguzi akasema hapana, nikamwambia yeye si mke wangu. Siku hizi hana hata muda wa kubishana, amepewa wagonjwa wapya wanne, ananiangalia mdomoni harakaharaka anasaini. Nami naona nafuu.

Usihangaike kunijibu. Tangu nikate tiketi nina furaha, kazini wenzangu wananiuliza nacheka nini.

Mwambie huyo kinyozi kwamba mwenye glasi anarudi.

Mumeo


31 Julai

Dada Muuguzi,

Hatujaonana. Mimi ni mke wa mgonjwa wako wa saa kumi na mbili na nusu, yule wa pasi kubwa. Barua hii unaletewa mkononi na Kibonge, hatimaye likizo yake imekwisha na anarudi huko. Mume wangu asiione.

Sitakuzunguka kwa salamu. Nimekuchukia tangu mwezi wa tatu. Nilikuchukia kabla sijajua kazi yako na nikakuchukia zaidi nilipoijua, na hata sasa naandika nikiwa na wivu, maana kesho asubuhi wewe utamwona na mimi sitamwona. Umri wako nimeuuliza, mume wangu amejitia hamnazo. Nimeacha kuuliza.

Anataka kuondoka tarehe 30 Agosti na vidonge vya miezi sita kwenye begi. Amekuambia atavinywa. Hatavinywa, dada. Simsingizii. Kuna jambo ambalo sijamwambia daktari wangu wala kinyozi anayenisimamia, na wewe ndiye wa kwanza kulisikia.

Mara ya kwanza alipougua, kabla ya kusafiri, msimamizi wake alikuwa mama yake. Mama alikuwa anakaa mbele yake kila asubuhi, anampa maji, anamwambia afungue mdomo, anaona ulimi mtupu, anamshukuru Mungu anaondoka. Akishatoka, mume wangu anatema kidonge kiganjani ananionyesha, anacheka. Vilikuwa vinamchafua tumbo. Nami nilicheka naye. Nilivichukua nikavimwaga kwenye maji ya kufulia kwa mkono wangu. Si siku zote, lakini zilikuwa siku nyingi. Ilikuwa siri yetu, kitu ambacho hata mama aliyemzaa hakukijua, na mimi nikajiona ndiye mke hasa. Leo anasema aliugua kwa kosa lake peke yake kwa sababu aliziacha dawa aliposafiri. Barua nzima ameniomba msamaha, na mimi nimeupokea nikanyamaza.

Nimemwandikia kwamba akija kabla hajamaliza, mlango hataukuta wazi. Atakasirika, atafikiri ni mambo ya kinyozi. Acha afikiri hivyo. Lakini barua haiwezi kumshika mkono, na mimi niko mbali, nimefungiwa chumba cha nyuma na dawa zangu. Aliye karibu naye ni wewe.

Ameniandikia kwamba anacheka siku hizi, na kwamba una wagonjwa wengi unamkagua haraka. Niliposoma hayo mawili pamoja nilikaa kitandani. Ndivyo alivyokuwa anacheka wakati ule.

Kwa hiyo nakuomba, usimkague haraka. Nenda kila siku, Jumapili pia. Kaa naye hizo dakika kumi, kaa hata ishirini, funga mlango, mimi sitauliza. Ulimi usikudanganye. Upande wa kushoto, juu, mwisho kabisa, kuna pengo la jino alilong'oa kabla hatujaoana. Kidonge kinaingia humo chote, akiinua ulimi hukioni. Mwambie apitishe kidole pale mbele yako. Nilikuwa nalijua mimi peke yangu. Sasa tunalijua wawili.

Mke wake,
Fundi